Kuku wa Afisa wa Lishe

Kadi ya mboga ilianzia Homa Bay mjini. Familia isiyojiweza ilipewa kadi na serikali, mama akaenda nayo sokoni, akachukua sukuma wiki, nyanya, karoti na ndizi, na muuzaji akalipwa na ofisi baadaye. Kisha chifu wetu, huku upande wa Awendo, akatangaza barazani kwamba mpango unapanuliwa mpaka kwetu. Watu walipiga makofi. Miwa ilikuwa imemeza mashamba mpaka mlangoni, na miwa haiteremshi ugali.

Nyumbani tuliitaka kadi ile kwa udi na uvumba. Mdogo wangu, msichana wa miaka miwili, alitoka kwenye surua akiwa mifupa mitupu, na sista wa zahanati aliguna kila alipompima. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikuwa na kuku mmoja wa kutaga. Yai lake lilikuwa la mgonjwa. Mimi niliruhusiwa kulitazama tu.

Sista alituonya mapema. "Afisa wa lishe atakuja kuangalia vile mnaishi. Mama, nakuomba, mpatie tu chakula yenye mnakulanga kila siku. Usiongeze kitu."

"Sawa, sista," mama akasema, nami nikamwamini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na akili kidogo.

Afisa alifika saa saba mchana, viatu vyeupe kwa vumbi, faili kwapani. Kwetu mtu yeyote mwenye faili ni daktari. Osuga ilikuwa tayari mekoni, mboga chungu kwelikweli kwa kuwa hatukuwa na maziwa ya kuilainisha. Ushahidi bora kuliko huo ungetoka wapi? Mama akafunua sufuria, akaitazama, akaifunika. Akamchungulia mgeni aliyetulia kwenye kiti cha marehemu. Nikajua tumekwisha.

"Nyathina, mwanangu," akaninong'oneza, "mgeni hawezi kula alot, mboga tupu za majani, kwangu. Atasema nini huko anakotoka?"

"Atasema sisi maskini! Si ndiyo tunataka aseme?"

"Shika kuku."

Nilimkimbiza polepole makusudi, nikiomba apotelee kwenye miwa. Lakini alikuwa ametuzoea mno. Alisimama kunisubiri, mjinga yule.

Chakula kilipowekwa mezani, afisa alishika tumbo. "Mama, nimekula kuku kwa nyumba tatu tangu asubuhi."

"Daktari, hizo zilikuwa za huko. Hii ni ya hapa."

Akala. Mama akamwekea hata firigisi, ambayo ni ya mwanamume wa nyumba, na ambayo tangu baba afariki haikuwa na mwenyewe. Akaila, akapangusa jasho, akafungua faili, akaandika kwa muda mrefu. Osuga hakuna aliyemwonyesha.

Baada ya majuma mawili, sista alitusomea barua tukiwa kwenye foleni ya mizani. Afisa alikuwa amezunguka lokesheni nzima ya chifu wetu na hakuona familia maskini. Kila nyumba aliyoingia ilikula kuku, tena mchana, tena siku ya kazi. Kadi zetu zilikuwa zimepelekwa kwingine.

Akina mama walitazamana. Kila mmoja alikuwa na manyoya yake nyuma ya nyumba. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote, wakashikana mabega, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Sista peke yake hakucheka. Alimchukua mdogo wangu, akamning'iniza kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. Uzito ulikuwa umeshuka.

Nilimchukia afisa. Mama nilimkasirikia zaidi, nikashindwa hata kumtazama usoni. Alimfungua mtoto taratibu, akamfunga mgongoni, akakaza leso.

"Sista," akasema, "mwambie arudi. Saa hii kweli hakuna kuku."