Misumari ya Kofia

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, shangazi yangu hupapasa misumari iliyo ukutani karibu na mlango, mmoja baada ya mwingine, mkono ukiwa bado na joto la blanketi. Akikuta yote mitupu, hukohoa kidogo na kwenda kuteka maji.

Nyumba yake ndiyo ya mwisho kijijini. Baada yake ni mlima tu. Zamani wakata mawe walitundika kofia zao hapo wakipanda machimboni, na wakishuka kila mtu alichukua yake. Kofia ikibaki hadi jua linazama, kijiji kizima kilitoka kumtafuta mwenyewe. Ndivyo babu yangu alivyopatikana, mguu umebanwa na jiwe, mdomo unaporomosha matusi. Machimbo yalishafungwa. Siku hizi wanaopanda ni watu wa matembezi, wenye fimbo na viatu vya bei mbaya, lakini nao hawapiti hivi hivi.

"Kichwa nenda nacho," shangazi huwaambia. "Kofia niachie."

Magoti yamemchosha. Mwanawe amemjengea chumba bondeni, karibu na zahanati, na Jumamosi alikuja na gari kumchukua. Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba ukungu uliposhuka. Ukutani ilikuwa imebaki kofia moja ya bluu.

"Mama, twende. Watu wana simu siku hizi."

"Hiyo yako hapa inashika?"

Binamu yangu akaitazama simu, akairudisha mfukoni. Shangazi akagonga sufuria mlangoni, majirani wakatoka. Tulipanda tukiita, binamu mbele na viatu vyake vya ofisini. Mwenye kofia tulimkuta amekaa karibu na machimbo, kifundo kimevimba, anaogopa kusogea asije akatumbukia shimoni. Binamu ndiye aliyembeba mgongoni hadi nyumbani.

Shangazi alimvika kofia kwa mkono wake. "Haya, baba. Leo kofia ndiyo imekitafuta kichwa."

Kulipokucha alipapasa misumari kama kawaida. Godoro lilikuwa bado na kamba zake. Binamu alikuwa kizingitini akikwangua matope kwenye viatu. Nikauliza mimi.

"Shangazi, utashuka?"

"Nitashuka, mwanangu. Nikipata wa kuiangalia hii misumari."