Watawa Waliotembea Wakitazama Chini

Enzi zetu huko Ronge, mtu mzima akitembea ameinamisha kichwa, ujue amepoteza kitu au anatafuta cha mwenzake. Ndiyo maana watawa wa Kibudha walitutia wasiwasi.

Alianza mmoja, aliyeshuka garimoshi Voi akapanda milima kwa miguu, kichwa kipara, amejifunga shuka la rangi ya papai lililoiva. Mama yangu, mjane na mtu wa kanisa, alimpa kona ya shamba letu ajenge kibanda. Mwaka uliofuata wakawa watatu, kisha saba. Asubuhi walipita na bakuli bila kuomba. Ukiwawekea kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, wanainama, usipowawekea wanainama vile vile. Jioni ukiwaalika chakula, walikataa, eti hawali baada ya adhuhuri. Nasi tulifunzwa kwamba mgeni anayekataa chakula chako ana lake moyoni.

Kubwa zaidi lilikuwa ile njia. Nyuma ya kibanda walifyeka njia fupi, hatua thelathini hivi, wakawa wanaenda na kurudi polepole, macho chini. Miaka hiyo kule tambarare watu walikuwa wakifukua mawe ya thamani, ya kijani kibichi. Nikamweleza Baba Mdogo nilichoona, nikajiona mwerevu kweli.

"Wanatafuta mawe!" akasema. "Na mama yako amewauzia kilima cha ukoo."

Maneno yakafika kanisani. Kina mama wakaacha kuja kwetu. Baba Mdogo akaapa kumnyang'anya Mama shamba mawe yakionekana. Akamwendea mtawa mzee.

"Mnatafuta nini hapa?"

"Kwa kutembea hivi, utulivu wa moyo."

"Huo unauzwa soko gani?"

Asubuhi moja, watawa wakiwa wameshuka na bakuli zao, Baba Mdogo na wenzake wakaifukua njia yote. Walipata mizizi na kigae cha chungu. Mama alisimama kando, leso kiunoni.

"Shemeji, umepata? Kama bado una nguvu, shamba la mahindi nalo linangoja jembe."

Watawa wakarudi. Yule mzee akapiga magoti, akaanza kufukia kwa mikono. Baba Mdogo alitazama mpaka aibu ikamshinda, akashika jembe akamsaidia. Jumapili hiyo kina mama walikuja na ndizi. Shamba likabaki la Mama. Nilipokiri kwake kwamba ni mimi niliyepeleka maneno, alisema, "Macho yako mazuri, Wakio. Ulimi huo tutauombea."

Watawa walihama baada ya miaka kadhaa. Baba Mdogo alikufa akisisitiza kwamba waliyabeba mawe mapema.

Leo nikishuka Voi nawaona vijana, vichwa chini kwenye simu, wakigongana na mikokoteni, na hakuna anayewashuku. Nami kila asubuhi, baada ya kusali, natembea hatua thelathini kwenye njia ile ile. Juzi mjukuu wangu aliinua uso kutoka kwenye simu yake, akanitazama.

"Nyanya, unatafuta nini hapo?"

Nikamshukuru Mungu. Angalau mmoja wao bado anajua kushuku.