Sauti Iliyojua Malipo ya Niña Eduviges

Niña Eduviges alikuwa anakamua mashuka ya wageni simu ilipolia kwenye mfuko wa aproni. Namba hakuijua. Akapokea akidhani ni mtu anatafuta chumba.

"Niña Eduviges?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole, kama ya mzee wa kanisa. "Hongera, mama. Biashara inakwenda. Leo asubuhi umeingiziwa dola mia moja na themanini."

"Nani wewe?"

"Na Jumanne umeingiziwa tisini. Nisahihishe kama nakosea."

Hakukosea.

"Sisi hatuna tamaa, mama. Nusu yako, nusu yetu. Nitakutumia anwani ya malipo, utatuma kwa bitcoin hiyohiyo, kimyakimya. Polisi waache wapumzike. Una familia, sivyo?"

Simu ikakatika. Shuka lilikuwa limeshaanguka mchangani, naye amelikanyaga bila kujua.

Mimi ni Rosaura. Duka langu linatazamana na lango lake. Nilimsimamia mwanawe Nahún ubatizoni, kwa hiyo tunaitana comadre, na tumeitana hivyo tangu nywele zetu ni nyeusi; wengine humwita Niña, kwa heshima. Siku hiyo nilimwona anafunga lango kwa mnyororo mchana kweupe. Nikampigia kelele, "Comadre, unamfungia nani na jua lote hili?" Alinitazama tu kama mtu anayepima nyama asiyoiamini.

Hofu yake haikuanza siku ile. Mumewe, Don Catalino, alikuwa na kibanda cha kuziba pancha pale barabara kuu. Miaka hiyo magenge yalikuwa yakitoza kila mwenye kibanda, na yeye alilipa kama sote. Mwezi mmoja akachoka, akawaambia hapana. Walimpiga risasi kando ya mashine yake ya upepo, mkewe akiwa amesimama na sahani ya maharagwe na tortilla aliyomletea. Tangu hapo Niña Eduviges alilipa yeyote aliyenyoosha mkono, bila hata kumwangalia usoni. Baadaye magenge yalizolewa, magereza yakajaa, tukaanza kulala madirisha wazi. Wengine tulisahau upesi. Yeye, pikipiki ikipunguza mwendo nje ya lango lake, bado alikuwa anaacha kutafuna. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Bitcoin ililetwa hapa pwani kwetu na wazungu wa kuteleza mawimbini, kabla hata serikali haijaitamka. Tuliwacheka. Niña Eduviges ndiye alikuwa anacheka kuliko wote: "Pesa isiyoshikika ni kama mchumba wa kwenye simu. Anakupenda mpaka siku ya kulipa kodi ya nyumba!" Kisha sheria ikapita kwamba ni pesa kama dola. Duka la dawa likaikubali, kituo cha mafuta kikaikubali, daktari wa meno naye akabandika karatasi mlangoni. Mwishowe ushirika wa akiba kule bandarini, ambao zamani ulikuwa hauikopeshi hata mvua bila mdhamini, ukaweka meza maalumu ya watu wa bitcoin. Nahún, anayeezeka mapaa Houston, akaanza kumtumia mama yake kwa njia hiyo. Hakuna foleni, hakuna nauli ya kwenda kuchukua. Comadre wangu akaacha kucheka.

Alikuwa na vyumba vitatu nyuma ya nyumba. Marleni, mke wa Nahún, alikaa naye pamoja na mtoto wao Abril, na ndiye aliyepokea wageni. Walimwita mchora mabango kutoka mjini, akaupaka ukuta wa mbele rangi ya chungwa, akachora wimbi, na kando yake kile kisanduku cha vidoti vyeusi na vyeupe ambacho simu inakisoma, kikubwa kama mlango. Chini yake akaandika jina la Niña Eduviges na namba ya simu. Mgeni anaelekeza simu ukutani, analipa, basi. Wageni waliupenda ukuta ule hata wakawa wanapiga picha mbele yake kama maharusi.

Basi, baada ya simu ile, Niña Eduviges alijifungia chooni akatuma nusu. Hakumwambia mtu. Wiki hiyo ikaja simu nyingine, na sauti ileile ikamtajia malipo ya wageni wawili wa Norwei waliolipa saa ya chakula cha mchana. Akatuma tena. Alianza kuchelewa kufungua lango. Alimkataza Abril kucheza nje. Nikimtumia pupusa za moto, ile mikate ya mahindi yenye jibini ndani, ninazikuta jioni kwenye sahani ileile juu ya ukuta, sisimizi wameshazigawana.

Jambo lililomtafuna halikuwa pesa. Ni lile swali: nani anawaambia? Malipo yanaingia kwenye simu mbili tu, yake na ya Marleni. Hakuna risiti, hakuna karani. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na usiku na mchana akawa anamchungulia mkamwana wake. Marleni akicheka na simu, moyo wa mama unaruka. Marleni akitoka kwenda kununua nyanya, mama anahesabu pumzi.

Siku moja Marleni alitoka kuoga akamkuta mama mkwe wake kitandani, mkoba wake umemwagwa wote: kitana, rozari, vitambaa vya mtoto.

"Mama, unatafuta nini?"

"Simu yako iko wapi?"

"Ninayo hapa. Mama, kuna nini?"

"Unaongea na nani kila siku? Nani huyo unayecheka naye?"

"Naongea na mwanao! Mume wangu! Nicheke na nani mwingine?"

"Marleni, mwanangu, kama wamekulazimisha niambie. Kama wamekushikia kisu, niambie. Lakini usiniue taratibu hivi."

Marleni alibaki kaduwaa, maji yanamchuruzika. Alipoelewa anatuhumiwa nini, hakupiga kelele. Alikusanya nguo za Abril kwenye fuko, akasema, "Baba yangu mzazi alichukuliwa na watu wa magenge, hatukumwona tena. Na wewe unalijua hilo." Akapanda basi la Usulután kwa mama yake.

Mimi niliona fuko, nikaona mtoto analia, nikavuka barabara. "Comadre, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Na wewe rudi dukani kwako," akaniambia kupitia matundu ya lango. "Unakaa hapo kutwa unawaona wageni wanavyoingia. Usidhani sijui kuhesabu macho."

Maneno hayo yalinichoma. Nilirudi. Kesho yake nilikwenda mji mkuu kwa mdogo wangu kupimwa macho, nikakaa huko siku kadhaa, na sikumuaga.

Ni wakati huo ndipo hofu yake ilipobadilika sura. Wageni wawili wa Australia walilipa asubuhi. Marleni yuko Usulután, mimi siko, simu ya Marleni alikuwa ameshaiondoa kwenye akaunti. Hata jasho halijamkauka, sauti ikapiga.

"Leo mbili kwa mpigo, mama. Mvua ya baraka."

Hapo akajua kwamba si Marleni, wala si mimi. Ungedhani angepata nafuu, lakini mtu unayemjua, hata akiwa mbaya, ana sura. Hii haikuwa na sura. Iliona ndani ya nyumba. Alipanda kiti akafungua balbu zote akitafuta kamera. Aligeuza kioo kikatazama ukuta. Alibandua picha ya Don Catalino akachungulia nyuma ya fremu, huku anamwomba msamaha marehemu. Wageni walipoona mwenye nyumba anatambaa chini ya kitanda chao na mshumaa mchana, walifunga mizigo. Aliwarudishia hela yao, akakaa uani na panga magotini.

Niliporudi, alinijia kwa uani, kupitia uzio wa miiba. Mikono imechanika. Nilitaka kununa, lakini nilipomwona, kununa kukanitoka.

"Comadre," akanong'ona, "wananiona. Hata sasa wananiona. Nikifa umwambie Nahún nilitaka kumwomba msamaha mkewe."

"Nani anakuona? Kaa kwanza. Kunywa atol hii, uji wa mahindi wa moto."

Akanisimulia yote, meno yanagonga ukingo wa kikombe. Nami nakiri, mwili ulinisisimka. Nikajikuta natazama nyuma ya magunia ya mahindi. Lakini nikamwambia, "Wewe na mimi hatuijui pesa hii inavyotembea. Twende kwa wanaoijua." Alikataa. Watatuona tukienda, akasema. Nikamvika shali langu kichwani kama mjane mpya, tukapanda pikapu ya majirani hadi bandarini. Njia nzima alinishika mkono, na kila gari lililotufuata alidhani ni lao.

Kwenye ile meza ya ushirika alikaa dada mmoja, Ivonne, kijana na mwenye subira. Alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Wageni wanalipa wapi?"

"Ukutani."

"Una picha ya ukuta?"

Nilikuwa nayo mimi, Abril amesimama mbele yake na gauni la komunyo. Ivonne alisogeza simu yake juu ya picha, akabonyeza, akaugeuza uso wa simu kwetu. Yote yalikuwa pale. Mia na themanini. Tisini. Wanorwei. Waaustralia. Hata nusu zile alizotuma kutoka chooni.

Niña Eduviges alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. "Ni wewe!" akapiga yowe. "Comadre, ni huyu!" Mlinzi akaja mbio.

"Si mimi, mama," Ivonne akasema, naye ameshtuka. "Tulia, nakuomba. Kile kisanduku cha ukutani ndiyo anwani ya pesa zako, na yeyote aliye nayo anaweza kuona kilichoingia na kilichotoka. Hawezi kuchukua, ila anaona. Ndivyo pesa hii ilivyo. Ndiyo maana haifai kutumia anwani moja kwa wote. Kila mgeni apewe yake mpya."

"Yeyote?" nikauliza. "Hata aliye mbali?"

"Hata aliye upande wa pili wa dunia. Wageni wenu wanaweka picha mtandaoni. Na jina na namba ya simu mmeviandika hapohapo chini."

Comadre wangu alikaa chini taratibu. Akanywa maji aliyoletewa na dada yule. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo hajui hata nyumba ina milango mingapi."

"Pengine hajui hata nchi hii iko wapi," Ivonne akasema.

Tulipitia polisi, wakaandika maelezo, wakachukua ile namba. Walituambia wazi kwamba mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpata, na mpaka leo hatumjui. Tulirudi tukaukwangua ukuta kwa visu vya jikoni, wanawake wawili wazee, rangi ya chungwa mpaka kwenye nyusi. Mgeni wa kwanza aliyefuata alilipa kwa anwani mpya kutoka kwenye simu.

Sauti ikapiga tena. Niña Eduviges alikuwa dukani kwangu. Alipokea, akaisogeza simu ili nami nisikie.

"Mama, umekuwa kimya. Nusu yetu iko wapi?"

"Nusu ya nini?" akasema. "Niambie leo nimeingiziwa ngapi."

Nilisikia mtu anahema.

"Usinijaribu, mama. Una familia."

"Ngapi?"

"Mia mbili," ile sauti ikasema.

Hazikuwa mia mbili. Hazikukaribia hata. Alikata, akaweka simu juu ya kaunta, akatapika kwenye ndoo yangu ya kudekia. Hiyo ndiyo sherehe tuliyofanya. Kwa wiki nyingi baadaye alikuwa bado anaweka panga chini ya mto, na mnyororo wa lango haukutoka.

Safari ya Usulután alikwenda peke yake. Alinisimulia kwamba Marleni alimpokea vizuri, akampa kiti na kahawa, akamwacha aseme mpaka mwisho. Alipomaliza kuomba msamaha, Marleni alimwambia, "Mama, nimekusamehe tangu kwenye basi. Lakini kurudi ni jambo jingine. Ulipokuwa unaogopa, wa kwanza uliyemwona mwizi ni mimi."

"Niliogopa, mwanangu. Mtu mwenye hofu hana akili."

"Najua. Na hofu yako haijaisha. Kesho ikirudi, utamtazama nani?"

Niña Eduviges alikunywa kahawa. Abril akaja akamlalia mapajani, akasinzia.

Shule zilipofunguliwa Marleni na Abril walirudi, lakini si katika nyumba kubwa. Marleni alichukua kile chumba cha mwisho cha wageni, akaweka kitasa chake na ufunguo wake. Asubuhi wanakula pamoja. Jioni kila mmoja anafunga kwake.