Kuku wa Mzazi Hakutoka Getini

Siku bibi yako alipogombana na Mama Yustina getini naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa juu yako. Kitovu chako kilikuwa hakijadondoka bado. Sasa kwa kuwa umepata kazi ya kuhudumia kuku wa mayai, na Jumatatu unaanza, sogea hapa karibu na jiko nikusimulie. Chai ipo, na baridi hii ya Sumbawanga haina adabu.

Wakati huo mimi mama yako mdogo nilikuwa bado kijana, nafanya kazi ya mabanda kwa Mama Yustina, mjane aliyefuga kuku wengi huko pembeni ya mji. Mkali yule mama! Bandani unaingia kwa ovaroli na buti, na vyote vinabaki pale pale mlangoni ukitoka. Mikono kwa sabuni, kuingia na kutoka. Ukifagia mavi ya kuku bila kufunga pua na mdomo, na upepo wetu huu unavyorusha vumbi, anakutoa nje mbele ya wenzako. Tulimcheka pembeni. Tulimwita daktari wa kuku. Redioni walikuwa wameanza kutaja mafua ya ndege, yanayoua hata watu, ila sisi tuliona ni habari za nchi za watu. Kwetu kuku akisinzia na kushusha mabawa, jina ni moja tu, mdondo, na dawa ni moja tu, kisu. Mwahi kabla hajafa, nyama isipotee. Nani hapa Ufipa hajala kuku wa namna hiyo?

Basi mama yako akajifungua kule Matai, na desturi unaijua: mzazi lazima anywe supu ya kuku. Mama Yustina mwenyewe aliahidi kutoa jike mnono. Kumbe asubuhi bibi yako anakuja kumchukua, sisi tumekuta kuku wamekufa banda la mwisho, na wengine wamezubaa, vichwa vimevimba. Mama Yustina akafunga geti. Akampigia simu mtaalamu wa mifugo, kisha akatangaza kwamba hatoki kuku, halitoki yai, hata unyoya, mpaka majibu yapatikane.

Bibi yako akafika na kikapu chake. Aliposikia habari, kwanza alicheka.

"Mama Yustina, wanaoumwa si wa banda lile kule? Mimi nipe huyu wa hapa. Mzima kabisa, namwona anavyoparura."

"Na mimi namwona. Ila kwa mzazi haendi."

"Yaani mjukuu wangu akose maziwa kwa ajili ya mdondo?"

"Umejuaje ni mdondo?"

"He! Tangu lini mimi nikashindwa kuujua mdondo? Nimefuga kuku wewe hujaolewa."

Mama Yustina akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimeshamkamata yule kuku na kumfunga miguu. Damu nzito kuliko maji, nilijiambia. Sikufokewa, na labda ndiyo maana maneno yake yaliniingia.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu atachinjwa na nani? Atanyonyolewa na nani? Ni mama yako huyu, kwa mikono mitupu, na mikono hiyo hiyo ndiyo itampakata mtoto. Mfungue."

Nikamfungua. Bibi yako akaondoka bila kuaga, na kwa mtu kama bibi yako hilo si jambo dogo. Mama Yustina akamwita jirani yake mwenye duka, wakiongea kila mtu upande wake wa uzio, akamwagiza amkimbizie bibi yako samaki wakavu, migebuka ya Kipili, na unga wa ulezi. Vilipokelewa, ila kwa midomo iliyobinuka. Mama yako akanywa mchuzi wa samaki na uji, maziwa yakaja, ukanona wewe mpaka shingo haionekani.

Lakini mimi sikuja kukuona. Nilikuwa nimewashika wale kuku, na Mama Yustina alisema nisimsogelee mtoto mchanga mpaka tujue tuko na nini. Nililia, mwanangu. Mtoto wa kwanza wa dada yangu, na mimi nasikia habari zake kwa simu ya watu.

Majibu yakaja: ulikuwa mdondo kweli. Bibi yako akaja mbio kuchukua ushindi wake.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia," Mama Yustina akajibu. "Nimekosea, na namshukuru Mungu nimekosea. Nikipata shaka tena nitakosea hivi hivi. Kosa hili mzazi amekula samaki badala ya kuku. Kosa la upande wa pili, dada, tungekuwa tumekaa matanga."

Bibi yako akaingia ndani, akakaa. Halafu akasema, "Haya, nipe maji ninawe. Njaa inaniuma."

Basi shika hili. Macho hayatofautishi mdondo na mafua ya ndege, hata macho ya bibi yako. Kuku akizubaa usimwahi kwa kisu, na aliyekufa usimguse kwa mikono mitupu. Toa taarifa, mtaalamu aje. Funga pua na mdomo unapofagia, na ovaroli isije nyumbani kwangu hata kama ni ya kufua. Ukishikwa na homa na kikohozi, nenda hospitali, na useme wazi kwamba unashinda na kuku, usione haya. Wenzako watakucheka, najua, nilikuwa miongoni mwa wachekaji. Waache wacheke. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Na siku ndugu unayempenda kuliko wote atakapokuja getini na kikapu, hapo ndipo utajua kama umeyasikia haya.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na kila jioni akurudishe kwetu mzima, na mikono safi ya kupakata watoto wa watu.