Usikate Mstari wa Nne

Saa mbili asubuhi, kabla hajatua hata mkoba, anawasha kompyuta na kuiinamia kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Kioo kinajaa herufi: A, C, G na T, zimerudiwa na kuchanganywa mpaka macho yanachoka. Hakuna neno hata moja la kusomeka.

"Huyu ni kijidudu cha kifua kikuu," anasema taratibu. "Yaani umbile lake lote limeandikwa hapa. Nina miaka tisa kwenye kazi hii, na bado mwili unanisisimka."

Wenzake hapo maabara wanamwita Mama Mistari. Kazi yake ni kutunza mafaili. Makohozi ya mgonjwa yanaingia kwenye mashine iliyo chumba cha pili, mashine inasoma vinasaba vya kijidudu kipande kwa kipande, na kila kipande kinamfikia yeye kikiwa na mistari minne.

Wa kwanza ni jina la kipande. Wa pili ndio herufi zenyewe za vinasaba. Wa tatu ni alama ya kujumlisha tu, kama kizingiti cha mlango. Wa nne unaonekana kama mtoto kachezea kibodi.

Ni huo wa nne unaomfanya atikise kichwa. Kwa kila herufi, mashine imeweka alama ya kusema ina uhakika kiasi gani. Ukiona I kubwa, tulia. Ukiona alama ya mshangao au nyingine za jamii yake, hayo ni mashaka.

"Niambie, nani mwingine anakiri mashaka yake neno kwa neno namna hii?" anauliza, akicheka. "Mume wangu hajawahi."

Faili lenye mistari yote minne wanaliita fastkyu. Lenye jina na herufi peke yake ni fasta, nalo lina kazi zake, halina ubaya. Ubaya ni kuligeuza la kwanza kuwa la pili, halafu ukalitupa la kwanza. Na hapo ndipo mwenye mtoto asikilize vizuri.

Mwezi uliopita diski ilijaa. Fundi wa kompyuta, anayeitwa Fagio kwa kupenda kwake kusafisha, aliyageuza mafaili kuwa fasta na kufuta ya mwanzo. Hakuwa na nia mbaya. Kazi mpya ilikuwa inasubiri nafasi.

"Dada, nimekuokolea nusu ya diski," alimwambia asubuhi ile, uso umemnawiri. "Soda yangu iko wapi?"

"Umeyabana?"

"Nimeyapunguza. Herufi zote zipo, haijapotea hata moja."

Mama Mistari alifungua faili moja, akakuta mistari miwili tu. "Kaka! Kulibana faili ni kukunja shati, utalikunjua likiwa zima. Wewe umekata mikono!"

Kati ya mafaili hayo lilikuwamo la binti wa miaka sita, aliyelazwa hospitalini, akiuguzwa na bibi yake. Jana yake daktari alikuwa ameona kwamba katika baadhi ya vipande vya kijidudu chake, herufi moja imebadilika. Kama badiliko lile ni la kweli, dawa za kawaida hazitamfaa. Aanze zile kali, ambazo huweza kuua masikio. Kama ni kosa la kusoma, aendelee na za kawaida. Daktari alitaka jibu kabla ya dozi ya jioni: herufi ile ina uhakika?

Fasta haikuwa na jibu. Herufi ya kweli na ya kubahatisha zilikaa bega kwa bega, zimefanana kama pacha.

"Nilidhani nafuta takataka," Fagio anakumbuka, akikwepa macho ya mwenzake. "Siku ile hata chai haikupita."

Ndipo Mama Mistari alipoikumbuka mashine. Yenyewe hubaki na nakala ya mwanzo kabisa ya kazi ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuwa na sampuli ya binti, mpaka kazi nyingine ianze. Alitoka mbio. Mwendesha mashine alikuwa ameshapanga sampuli mpya, kidole kinaelekea kwenye kitufe.

"Usiguse!"

"Mama wee, umenirusha roho!"

"Bora roho yako. Hiyo nakala ina mtoto ndani."

Kufika adhuhuri, mistari yote minne ilikuwa imerudi. Wakapita kipande baada ya kipande. Kila penye herufi iliyobadilika, alama ya mshangao. Kila penye herufi ya kawaida, I. Badiliko halikuwapo. Mashine ilibahatisha, na ilikuwa imesema wazi kwamba inabahatisha.

Daktari akaziacha dawa za kawaida ziendelee. Bibi alipoelezwa, aliomba aonyeshwe.

"Kwa hiyo masikio ya mjukuu wangu yalikuwa kwenye vijialama hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Hivi hivi vidogo?"

"Hivyo hivyo."

Bibi akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo. "Basi niacheni kidogo niviangalie."

Binti bado anameza dawa na anaendelea vizuri. Fagio siku hizi hafuti kitu bila kuuliza. Lakini Mama Mistari hajatulia, kwa sababu mafaili yote yako kwenye diski moja, ndani ya jengo moja. Anataka kila faili la mgonjwa liwe na nakala nzima katika jengo jingine, na la kwanza kuvuka liwe la binti yule.

"Bosi kasema watalijadili," anasema. "Nimemwambia wajadili upesi. Moto haungoji kikao."