Dawa ya Kuchua kwa Magoti Mazima

Jumamosi, katika duka la dawa huko Ilford, kwa Waingereza, mzee mmoja Mkenya aliyevaa kaptura ya baiskeli aliomba dawa ya kuchua, ile inayowasha miguu kwa joto.

"Unaumwa wapi, mzee?" akauliza mfamasia, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu.

"Siumwi popote. Zamani hatukuanza mbio bila kujichua. Kesho naendesha baiskeli na wenzangu wa enzi hizo, na bila ile harufu hatutajuana."

"Kanuni hairuhusu. Hii ni ya wenye maumivu."

Mke wa mzee, aliyesimama kando yake, akamfinya. "Si useme goti, twende!"

"Goti lipi? Yote mazima!" Akachuchumaa na kuinuka pale pale mbele ya kaunta. Sisi wa foleni tukapiga makofi.

Mfamasia akashusha miwani. "Na hao wenzako, kesho jioni wataumwa?"

Mzee akatabasamu. "Nikishawaacha nyuma? Sana!"

"Basi unawanunulia wagonjwa. Hilo linaruhusiwa."

Nimesoma kanuni nyingi za nchi hii, lakini hii ndiyo ya kwanza niliyoiona ikiwatibu watu kabla hawajashindwa.