Ufunguo wa Geti la Mtawala

Mashamba ya serikali yalipoanza kukodishwa, na jina la mkoa wetu mpya bado halijazoeleka mdomoni, upande wetu wa Gehandu ulipata mtawala. Ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyekodi shamba la hapo, wa miaka thelathini hivi, wa ukoo wa kitawala huko kwao, na mimi nilikuwa mpishi wake. Aliposikia kwamba shikamoo ni ya wakubwa, akaamua yeye ni mkubwa. Wazee wenye mvi wakatakiwa wamwamkie. Ningeweza kumweleza, lakini niliogopa kibarua changu kuota nyasi.

Kisha akaifunga kwa geti njia ya kwenda kwenye chemchemi, ufunguo akanikabidhi mimi. Ng'ombe wa kijiji, pamoja na yule mmoja wa mama yangu, wakawa wanapelekwa bwawa la mbali na kurudi bila maziwa. Nikimwamkia mama, haitikii. Mwezi mzima nilisema shikamoo kama naongea na ukuta. Iliniuma sana.

Kwetu wafugaji, mwanamume akiwakosea kina mama, wao hukaa kikao na kumtoza faini ya dume jeusi la ng'ombe, lisilo na doa. Walipofika getini na fimbo zao, bwana mkubwa alidhani wamekuja kumsifu. Akatoka na koti la vifungo vya dhahabu, anapunga mkono. Nikamtafsiria hukumu. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Kesho yake, kwa amri ya kina mama, hakuja mkamuaji hata mmoja. Ng'ombe wake wa kisasa walilia, viwele vimejaa. Alijaribu kukamua mwenyewe, akala teke. Siku ya tatu alisalimu amri, ila dume alilokuwa nalo lilikuwa na baka jeupe kwenye paji la uso. Akaniagiza nilipake dawa ya viatu. Nikapaka, mjinga mimi.

Mama yangu ndiye aliyelikagua. Alipitisha kiganja pajini, akakitazama, akanitazama mimi. Halafu akakifuta kwenye shati langu jeupe la upishi, taratibu, mbele ya watu wote.

Nilitoa ufunguo mfukoni nikafungua geti bila kuagizwa. Bwana alinifokea kwa lugha ya kwao. Hayo sikuyatafsiri.

Faini ikawa madume mawili, na akalipa. Msimu haukuisha akafungasha koti lake na kurudi kwao. Jamani, nilishusha pumzi! Lakini kabla ya hayo, jioni ile ile nilipofungua geti, nilimkuta mama kwenye chemchemi, ng'ombe wake anakunywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema. "Na hilo shati ukalifue."